Kiambatisho

4 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kazi inaendelea. Wiki iliyopita masijala yetu imepokea barua mia tatu na kumi na mbili, na zote nimezigonga muhuri mwenyewe. Nimepewa kiti kipya. Kinazunguka.

Nina swali dogo. Mlango wa masijala unakwama upande wa juu, lakini chini unapitisha mkono. Nimewaambia wenzangu kwamba baba yangu ni fundi. Ugonjwa huu hutibiwa vipi?

Mwanao

*

(Karatasi ya pili, bahasha hiyohiyo)

Dada,

Hii usimsomee Baba. Mlango wa masijala hauna tatizo lolote. Unaokwama ni wangu. Nimeutengeneza mwenyewe.

Tangu Novemba, jioni tatu kwa wiki nikitoka kazini, na Jumamosi kutwa, niko kwenye karakana ya useremala nyuma ya duka la rangi. Fundi wake ni mwanamke wa makamo. Tunamwita Subiri, maana ndilo neno lake. Sijui nilianzaje. Nilikuwa napita, nikamwona anapiga randa, nikasimama. Nilipoangalia saa, saa nzima ilikuwa imepita. Hakuna aliyeniuliza nataka nini, kwa hiyo kesho yake nikarudi.

Kila barua unaniuliza kama niko sawa. Watu huandika kwamba wao wazima, hofu ni kwenu. Mimi mzima, ila hofu sina, si ya kwangu wala ya kwenu. Siumwi. Sina hasira na mtu. Miaka kumi na mmoja nagonga IMEPOKELEWA. Juzi nilijigonga muhuri kwenye kiganja nione kama wino una baridi. Sikusikia kitu, nikaendelea na kazi.

Huo mlango niliuchora kwanza kwenye karatasi. Niliupima milimita kwa milimita, nikaukata, nikaupiga msasa. Subiri akautazama akasema, "Mzuri. Wa wapi?" Ulikuwa wa stoo ya duka la rangi. Tukaupeleka. Haukuingia.

Mdogo wako

*

17 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Mimi mzima, macho ndiyo yamegoma. Dada yako ananisomea, na sasa anaandika ninayosema. Wananishauri nikupigie simu. Sitaki. Maneno ya simu hayana pa kuwekwa.

Aliyetengeneza mlango wenu ni mjinga. (Baba alitumia neno jingine, mimi nimeandika hili. Dada.) Alipima mlango, hakupima tundu! Tundu ndilo lenye mamlaka. Mwambie achukue kamba, aivute kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, kisha avuke upande wa pili. Urefu ukitofautiana, fremu imepinda, na mlango lazima ukatwe upinde nayo. Mlango ulionyooka kwenye fremu iliyopinda ni kiburi tu. Halafu aache upenyo wa unene wa sarafu pande zote, maana mvua zikija mbao hunywa maji zikanenepa.

Hayo mwambie fundi wenu, wewe usiguse. Mkono wa karani hurudi nyumbani na vidole vyake vyote. Wangu wa kushoto siku ile ulirudi na vitatu. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliufunga kitambaa huku akiniapisha kwamba hakuna mtoto wake atakayeshika msumeno. Nikaapa. Ndiyo maana ulipoajiriwa nikaweka dole gumba kwenye ile fomu ya udhamini kwa moyo mmoja. Wino ulikaa kidoleni siku tatu. Sikuuosha, nilikuwa nawaonyesha watu.

Baba yako

*

(Karatasi ya pili)

Bwana Muhuri,

Umesikia mwenyewe, mjinga ni wewe. Nilicheka mpaka Baba akauliza kuna nini kwenye barua ya mlango. Nikamwambia nimepaliwa.

Lakini sikiliza. Mimi ndiye macho yake. Ananipa karatasi anatulia, anaamini ninachosoma ndicho kilichoandikwa. Sasa umenifanya niwe macho ya uongo, na mimi uongo haunikai vizuri. Kila akipita sebuleni hugusa ile picha yako ya ofisini, ya tai, kwenye fremu aliyoitengeneza mwenyewe macho yalipoanza kufifia. Anagusa kioo, anasema, "Karani." Halafu ndiyo anaenda chooni.

Mwambie wewe. Mapema.

Dada yako

*

11 Machi

Dada,

Kamba ilitofautiana kwa upana wa vidole viwili. Nikaukata mlango upya kwa kufuata tundu, nikaacha upenyo wa sarafu, nikafunga bawaba. Ulifunga. Subiri aliufungua na kuufunga mara tatu, akasema "Haya," akaenda kunywa chai.

Nilidhani nitasikia kitu. Nilisikia mlango.

Mambo mawili yametokea wiki moja. Bwana Jalada, mkuu wetu wa masijala, anastaafu mwisho wa Juni. Mkuu wa Ofisi ameniita, amesema nafasi ni yangu kuanzia Julai mosi. Nikasema asante. Siku ya pili Subiri naye amepata kazi ya shule inayojengwa, milango arobaini, inaanza Julai mosi hiyohiyo. Anataka mkono wa kutwa. Anasema mkono huo ni wangu nikiutaka, nisipoutaka atatafuta mwingine, na akishampata mwingine hatamfukuza kwa ajili yangu. Nikasema nitafikiri. Akaniambia, "Kusema subiri ni kazi yangu, wewe usiniibie."

Ya cheo nimemwandikia Baba kwenye karatasi yake. Ya milango sijamwandikia.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Bwana Muhuri,

Ya cheo mtaa mzima unayo. Jana Baba kamsimamisha mtu wa gesi na mtungi begani, kamweleza kazi ya mkuu wa masijala tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu wa watu kasikiliza yote, mtungi haujashuka!

Mshika mawili moja humponyoka. Wewe hata kuyashika huyashiki, umeyaegemea tu. Unaniandikia kana kwamba unaniandikia habari za mtu mwingine. Mdogo wangu, unataka nini? Usinijibu kwa barua ya ofisi.

Dada yako

*

29 Aprili

Dada,

Hii pia usimsomee Baba.

Umeniuliza nataka nini. Nilikaa na swali lako wiki mbili. Kisha nikaandika barua ya kuacha kazi, mistari minne. Kanuni yetu ni kwamba hakuna barua inayoingia ofisini ila kupitia sanduku la getini, hata ya mfanyakazi. Kwa hiyo nilitoka nje, nikaitumbukiza, nikaenda nyumbani nikalala vizuri.

Asubuhi sanduku likaletwa mezani kwangu. Ya nne ilikuwa yangu. Nikaifungua. Nikaigonga IMEPOKELEWA. Nikaiandika kwenye rejesta, nikaipa namba, nikakagua viambatisho kama ninavyokagua barua za watu wote. Kiambatisho hakikuwepo. Anayeacha kazi hutakiwa kuambatisha barua ya mdhamini wake, kwamba ana habari na anaondoa udhamini. Mdhamini wangu unamjua. Sheria hii nawakumbusha watu kila mwezi, na wakati naandika haikunijia kichwani hata kidogo.

Nikaiweka kwenye trei ya PUNGUFU. Kisha, Dada, nikajiandikia majibu: "Tunakiri kupokea barua yako. Hata hivyo, imebainika kuwa haina kiambatisho. Tafadhali kiwasilishe ili shauri lako liendelee." Nikasaini kwa niaba ya Mkuu wa Ofisi, nikaiweka kwenye za kutumwa. Ilinifikia nyumbani siku ya tatu. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaona imeandikwa vizuri. Sikucheka. Nakueleza wewe ili acheke mmoja wetu.

Trei ya PUNGUFU haiguswi na mtu ila mimi. Kuna barua humo za miaka sita.

Kuna jambo jingine dogo. Wiki mbili zilizopita nilijipiga nyundo kwenye dole gumba la kushoto. Subiri alinifunga, akaniambia kucha itatoka na nyingine itaota. Kidole kiliniuma siku nne. Kiliniuma kwelikweli, usiku kilikuwa kinapiga chenyewe. Siku ya tano maumivu yakapungua. Nikiwa ofisini, kwenye kile kiti kinachozunguka, nikaanza kukibonyeza kwenye ukingo wa meza ili kiume tena. Nimekibonyeza wiki nzima. Usinione mwendawazimu. Ni kwamba kilipouma nilijua niko hapo.

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Nilikwenda msibani kwa wakwe siku mbili. Barua yako ikafika mimi sipo. Baba, kwa papara yake, akamwita Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu aje amsomee. Unamjua Mwalimu. Kasoma kwa sauti ya darasani, kwa vituo, karatasi zote mbili. Kasoma mpaka pale ulipoandika "hii pia usimsomee Baba." Nimemuuliza, Mwalimu, hapo hukusita? Kasema yeye hakatizi kifungu.

Kwa hiyo Baba anajua. Ya barua ya kuacha kazi kayasikia kwa Mwalimu, na ya karakana, Subiri na milango arobaini nimemweleza mimi niliporudi, yote.

Mwalimu anasema Baba hakupaza sauti. Alimwambia arudie pale pa kidole. Akarudia. Akamwambia tena. Alirudia mara tatu, halafu Baba akasema asante Mwalimu, akaingia chumbani.

Leo siku ya nne. Anakula, anasali, haongei. Na picha yako ameitoa ukutani. Nimeona nikuambie, usije ukasikia kwa mwingine. Nililia jikoni, hasira na huruma vyote pamoja. Nilikuambia mapema!

Dada yako

*

21 Mei

Shikamoo Baba,

Najua umesomewa. Nisamehe kwa kukuficha, na usimlaumu Dada, alinikanya tangu mwanzo.

Yule mjinga aliyepima mlango bila kupima tundu nilikuwa mimi. Kamba yako ilifanya kazi.

Nimejaribu kuandika ninavyojisikia nikashindwa, kwa hiyo naandika ninachojua. Julai mosi nitakuwa mkuu wa masijala. Kiapo ulichomwapia mama nakijua, sitakulazimisha ukivunje. Barua ile iko kwenye trei, na ikikaa humo haitamdhuru mtu. Kidole kimepona. Kucha mpya imeanza kuota, imepinda kidogo.

Mwanao

*

13 Juni

Dada,

Wiki tatu, Baba hajajibu. Sikuulizi tena kama amesema kitu.

Bwana Jalada amenikabidhi funguo za makabati, kumi na nne. Alinionyesha kila moja. Alipofika ya mwisho akasema hajawahi kujua inafungua nini, na yeye aliachiwa hivyohivyo. Nikasaini kwamba nimepokea.

Subiri amenipa mpaka tarehe ishirini na nane. Nimeacha kwenda Jumamosi. Nilimwambia nina homa. Alinitazama akasema, "Homa ya nini?" Nikashindwa kumtajia hata homa moja.

Siko vibaya. Nimerudi kuwa kama nilivyokuwa.

Mdogo wako

*

19 Juni

Bwana Muhuri,

"Nimerudi kuwa kama nilivyokuwa." Hayo maneno yamenitia baridi kuliko msiba wowote. Nilimsomea Baba. Ndiyo, nilimsomea, yote, na sikuomba ruhusa yako. Macho ya uongo nimeyavua.

Sasa nikuambie alichokuwa anafanya muda huu wote. Picha hakuitoa kwa hasira. Aligundua kwa kugusa kwamba kona moja ya fremu imeachia. Akaibomoa, akaikata upya kwa kupapasa, akaiunga, ikapinda, akaibomoa tena. Wiki sita. Nilikuwa namsikia huko uani anajitukana. Akimaliza kutwa ananiita niivutie kamba kona kwa kona. Juzi zikalingana. Ameitundika, lakini tupu. Anasema picha iliyokuwamo imepitwa na wakati, utaleta nyingine.

Jana usiku kabla ya kulala kauliza barua za ofisini huanzaje. Nikamwambia huanza na Yah. Akauliza Yah ndiyo nini. Nikamwambia ni yahusu. Akasema basi leta karatasi, inanihusu.

Nilitaka kumrekebisha lugha mahali pawili, akanifukuza. Kwa hiyo nimeandika kama alivyosema, na nimeituma kule alikotaka itumwe. Siyo kwako. Imekwenda kwenye sanduku la getini.

Dada yako

*

18 Juni

Kwa Mkuu wa Ofisi,
Kupitia Masijala

Yah: Kijana wangu mliye naye

Ndugu Mkuu,

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilibandika dole gumba kwenye fomu yenu, nikamdhamini mwanangu. Fomu iliuliza kama ni mwaminifu. Nilisema ndiyo, na bado nasema ndiyo. Haikuuliza kama mahali hapo panamfaa, na mimi sikujiuliza. Nilimpima mtoto, sikupima tundu. Mimi fundi, tena wa miaka arobaini. Kosa hilo nilimwita mtu mjinga kwa barua, kumbe ni la ukoo.

Nimesomewa kwamba akiwa kwenye kiti chenu kinachozunguka hubonyeza kidole kilichoumia ili asikie kitu. Mimi vidole viwili vilikwenda na msumeno kwa siku moja. Nilipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Lakini kukaa kimya na kujitafutia maumivu kwenye ukingo wa meza sijawahi. Hilo limeninyima usingizi kuliko vidole.

Sidanganyi kwamba ubao utamponya, na yeye asijidanganye. Zipo siku nyingi nilipiga randa asubuhi mpaka jioni sikusikia lolote, nikala nikalala. Lakini mlango ukifunga umefunga, na kuna mtu amelala ndani. Barua zenu sijui huwa zinafunga lini.

Nilimwapia mama yake. Aliogopa mtoto wake kupoteza vidole. Sasa anavyo vyote kumi na havina habari naye. Hilo nitalijibu mimi nikikutana na mama yake, wala si mbali, na ninamjua, atanisema kwanza halafu atanielewa.

Kwa hiyo nina habari kwamba anaacha kazi, na ninaondoa udhamini wangu. Barua yake mnayo, iko kwenye trei ya pungufu. Naomba muiambatishe na hii. Mumrudishe kabla ya tarehe ishirini na nane, maana kuna milango arobaini inamsubiri, na mvua haziko mbali.

Kwako karani utakayeifungua hii: usiiweke kwenye trei. Inuka uipeleke. Shikamoo yako nimeipokea tangu Mei, ni mimi nilichelewa kuitikia. Marahaba, mwanangu.

Ni mimi,
Fundi seremala, mdhamini

(alama ya dole gumba)

*

(Nyuma ya barua hiyo, kwa kalamu)

IMEPOKELEWA
25 JUNI

IMEPOKELEWA
25 JUNI

Maelezo ya masijala: Hiki ndicho kiambatisho kilichokuwa kinasubiriwa. Barua imekamilika na imetolewa kwenye trei. Muhuri umegongwa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza karani aligonga kwa nguvu mno na wino ukatawanyika. Imepelekwa kwa Mkuu wa Ofisi kwa mkono, saa tatu na dakika kumi asubuhi.